Vioo vya Rangi ya Asali

Mama mkwe wangu alikubali nizame baharini kwa sharti moja: macho yangu yasionekane na mtu.

Sharti hilo alilitoa Mahajanga, nyumbani kwake Tanambao, siku ya Idi, binti yangu Sittina akiwa amelala kwenye paja lake na kidole mdomoni. Nilikuwa nimesafiri kutoka kisiwa cha Nosy Be na mtoto mgongoni, vumbi la njia nzima kichwani, kwa ajili ya Idi na kwa ajili ya jambo hilo. Nilingoja wageni waondoke. Wakaondoka wote isipokuwa Oumi, jirani yake, ambaye hatoki kwenye nyumba ya mtu mpaka sufuria ya mwisho ioshwe.

"Mama," nikaanza, "kule kazini wanataka kunifundisha."

Mama Zalia aliijua kazi yangu. Nilikuwa nikifua mavazi ya mpira ya wageni kwenye kituo cha kuzamia, upande wa magharibi wa kisiwa. Niliyasuuza chumvi, nikayageuza ndani nje, nikayaanika kivulini. Jioni nilikuwa nikienda kwenye masomo mjini Hell-Ville, na Kifaransa nilichokipata kule ndicho kilichomfanya mwenye kituo aniulize kama ningependa kitu zaidi ya ndoo na kamba ya kuanikia. Alitaka mwongozaji mwanamke. Wageni wengine wakiogopa, alisema, wanataka mkono wa mwanamke.

"Wanifundishe kuongoza wageni. Niende nao chini, nirudi nao."

"Chini wapi?"

"Chini ya maji, Mama."

Oumi akapiga kofi mkeka. "Zalia! Mkaza mwanao anakwenda kuposwa na pweza!"

"Oumi, hebu. Mtoto amelala." Mama Zalia hakucheka. Alikuwa akimpepea Sittina kwa ncha ya leso yake. "Na huyu utamwacha na nani?"

Hapo ndipo penyewe. Mume wangu Maoulida anaendesha boti la abiria baina ya Hell-Ville na Ankify, ng'ambo ya bara, anaondoka alfajiri na kurudi jioni akinuka petroli. Ambanoro tunakoishi sina mama, sina dada. Mama Zalia asipokuja kukaa nasi, hakuna wa kumwachia mtoto, na habari ya kuzama inaishia kwenye ndoo zangu. Nilikuwa ninamwomba vitu viwili kwa pumzi moja: baraka yake na mikono yake.

Nikatoa kwenye mkoba kitabu cha picha za vifaa nilichoazimwa kituoni. Kila mwanafunzi huchagua miwani yake mwenyewe ya kuzamia, kwa sababu ile ya kuazimana haishiki kila uso, na uso wangu ni mdogo: nilipoijaribu ya kituo, maji yaliingia puani. Nikawaonyesha kwanza vazi la mpira, jeusi, kuanzia shingoni hadi vifundoni, na kofia yake.

Oumi akakisogeza kitabu kwenye taa. "Mbona hili linafunika kuliko buibui langu? Zalia, tazama. Hata masikio hayaonekani."

"Limebana," alisema Mama Zalia.

"Limebana, lakini nani atamwona? Samaki?"

Tukaenda ukurasa kwa ukurasa, tukichanganya Kikomoro na Kimalagasi kama kawaida ya nyumba ile, mpaka tukafika kwenye miwani. Sikujua kuwa iko ya namna nyingi hivyo. Ilikuwapo ya vioo vyeupe vya kawaida. Ilikuwapo ya vioo vya manjano ("Huyu ini limemharibika," alisema Oumi), na ya rangi ya waridi ("Huyu yuko fungate"), na ya moshi. Mwisho ilikuwapo moja ambayo vioo vyake vilimeta kama uso wa kisima, buluu na fedha, na ndani ya vioo ulionekana mwamvuli wa ufukweni na mtu mwenye kamera, aliyekuwa akipiga picha hiyo.

Kidole cha Mama Zalia kikatua hapo.

"Hii. Aliye ndani anaona?"

"Anaona vizuri, Mama. Inapunguza mng'ao."

"Na aliye nje anamwona wa ndani?"

"Hamwoni. Anajiona mwenyewe."

Akaitazama kwa karibu, maana jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kufunga ukungu, mtoto wa jicho, na hospitali ilikuwa imeshampa tarehe ya kupasuliwa. Kisha akasema, "Vaa hii. Mwili umefunikwa, uso umefunikwa, na macho yako yafunikwe. Mtu akishakuona macho amekujua. Ukivaa hii, nikitoka hospitali nitakuja Ambanoro kukaa na mtoto hata mwaka."

"Kwa stara, unajua," Oumi alinieleza, kana kwamba nilihitaji mkalimani. "Wazungu wale wanakodoa."

Niliahidi. Niliahidi kwa furaha, na kusema kweli miwani yenyewe ilikuwa nzuri. Usiku ule nililala nikijiona nimeshazama.

*

Miwani ilipofika kutoka Antananarivo, ndani ya kisanduku cha plastiki, kituo kizima kiliijaribu. Fundi Attoumane, aliyekuwa akinifundisha, mtu wa Ambanoro kama sisi na mcheshi asiyejijua, aliivaa akajitembeza kati ya mitungi ya hewa kama nyota wa sinema.

"Hayrat, tubadilishane. Mimi nikupe yangu na mbuzi."

"Mbuzi gani, Fundi? Huna mbuzi."

"Nitanunua."

Wiki zile zilikuwa tamu. Jirani yangu Koulsoum alinishikia mtoto asubuhi, kabla hajaanza kukaanga samaki wake wa kuuza. Nilijifunza kupumua taratibu, kutoa maji kwenye miwani nikiwa chini, kusema kwa mikono: niko sawa, panda, simama, tazama. Kule chini kuna ukimya ambao mama wa mtoto mdogo hawezi kuuelezea kwa mama mwingine bila kuonewa wivu. Na miwani haikuvuja hata tone. Jua la Nosy Be likipiga kwenye maji hadi wenzangu wanakunja nyuso, mimi nilikuwa kivulini mwangu.

Kisha nikapewa mgeni wa kwanza, Fundi akifuata nyuma kutazama. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Antananarivo, mama mwembamba mwenye adabu nyingi. Kwenye boti alinieleza kwamba hakuwahi kuweka kichwa chini ya maji isipokuwa kwenye beseni. Nilimpenda papo hapo. Nilimshika mkono, tukashuka polepole kwenye kamba ya nanga.

Hatukuwa tumefika mbali akasimama. Nikamwonyesha alama ya kuuliza: uko sawa? Hakujibu. Akanitazama, na macho yake yakaanza kupanuka. Nilifanya nilivyofundishwa. Nikamsogelea ili anione vizuri, atulie. Nilivyosogea ndivyo alivyozidi. Mapovu yakamtoka kwa fujo. Nikasogea zaidi, uso kwa uso, nikitabasamu kwa macho jinsi nilivyoweza, nikimwambia kwa macho kwamba nipo, mama, nipo hapa. Akang'oa mkono wake mkononi mwangu, akapiga miguu kwenda juu.

Fundi alimdaka kwa mkanda wa mtungi, akampandisha taratibu kama inavyotakiwa. Hakuumia. Lakini kwenye boti alilia akiwa amejifunika taulo, kisha akaomba radhi, yeye aniombe mimi radhi, kwa Kifaransa chake cha darasani.

"Samahani, binti yangu. Nilikutafuta, sikukuona. Niliona wanawake wawili wadogo wanaoogopa kufa. Ulivyosogea, nao wakakua."

Fundi Attoumane hakufanya mzaha siku hiyo. Tulipokuwa tunasuuza vifaa akaja akasimama kando ya pipa.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilikuacha uvae kwa sababu inapendeza. Sikufikiri. Chini hakuna maneno, Hayrat. Mtu akiogopa anatafuta macho ya mwenzake. Wewe umempa kioo cha kujitazamia."

"Fundi, hii nimeiahidi."

"Umemwahidi nani?"

"Mama mkwe."

Akapiga mluzi mdogo. "Bahari mbaya hiyo." Kisha akasema bila kunitazama: "Jumamosi nakujaribu tena, mwenye kituo atakuwepo ufukweni. Ukija na vioo hivyo sikupeleki. Na jaribio jingine halipo. Kuna binti wa Ambatoloaka ameshaleta barua ya kuomba."

Nilirudi nyumbani kwa bajaji nikiwa nimeipakata miwani ndani ya kisanduku chake. Nikivunja ahadi, Mama Zalia atageuza na kurudi Mahajanga, na bila yeye sina kazi. Nikiitunza ahadi, sina kazi vilevile. Maoulida alinisikiliza huku akila, akasema tumwambie mama yake kwa simu. Nilikataa. Jambo kama hilo halisemwi kwenye simu, na mtu ndiyo kwanza ametoka kupasuliwa jicho. Tayari alikuwa njiani.

*

Alifika Alhamisi, kwa boti la mwanawe mwenyewe kutoka Ankify. Maoulida alimbeba mikononi kutoka kwenye boti hadi nchi kavu asilowe, naye akimpiga begani, "Niteremshe, watu wanatazama," huku akitabasamu. Kwenye macho alikuwa amevaa miwani mikubwa myeusi waliyompa hospitali, ile inayofunika hata pembeni, na juu yake shiromani lake jekundu, nguo ya kujitanda ya Kikomoro, limevutwa hadi kwenye paji la uso.

Sittina alikuwa mkononi mwangu. Njia nzima alikuwa akiimba, "Koko anakuja, koko anakuja," maana ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Mama Zalia akanyoosha mikono.

"Njoo, roho yangu."

Mtoto akamtazama. Akaitazama ile miwani. Kisha akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwake, akanipandia shingoni, akauficha uso.

"Ni koko, mama. Ni koko wako."

"Siyo!"

"Amechoka," alisema Maoulida.

"Amelala vibaya," nilisema mimi.

Mama Zalia alishusha mikono polepole, akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake ambacho hakikuwamo.

Jioni ile Sittina hakumkaribia. Ijumaa asubuhi vivyo hivyo: sauti ya koko inatoka kwenye kiti, na mtoto anaizunguka nyumba kwa nje akiitafuta. Mama Zalia alimletea biskuti za Mahajanga, akazipokea kwa kunyoosha mkono kutoka nyuma ya mlango, akakimbia.

"Amenikana," alisema. "Miezi mitatu tu, na siku ya Idi alilala hapa." Alijipapasa paja.

"Mama, ni hiyo miwani. Humu ndani hakuna jua."

"Daktari kasema nisitoke bila hiyo."

"Kasema usitoke. Ndani je?"

"Ndani, nje, yote jicho ni lile lile." Aliisukuma ikae vizuri puani. Nikaona kwamba aliipenda. Alikuwa amekaa humo ndani kama mtu aliyefunga mlango wake akapumzika.

Nami nilikuwa na neno langu la kumwambia, na kesho yake ilikuwa Jumamosi. Kila nilipofungua kinywa nilimwona anamfuata mtoto kwa kichwa kile chenye vioo vyeusi, nikakifunga.

Baada ya sala ya alasiri ulifika wakati wa dawa yake ya matone. Nilimlaza kwenye mkeka, kichwa kwenye goti langu, akaivua miwani mwenyewe. Jicho lilikuwa jekundu bado, limetota, lakini ule ukungu umekwenda. Nikatia matone. Alipofumbua, Sittina alikuwa amesimama mlangoni.

Mtoto akaingia hatua moja, akasimama. Akainamisha kichwa ili amwone bibi yake wima. Akaja mpaka karibu, akaweka kidole juu ya unyusi wa Mama Zalia, akaupitisha mpaka mwisho, kama alivyokuwa akifanya tangu mchanga.

"Koko," alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa, roho yangu."

"Hapana."

Akajilaza juu ya tumbo lake, jambo limekwisha. Mama Zalia alifumba macho kwa nguvu. "Hayrat, mwondoe, ananiliza, na daktari amekataza." Lakini alikuwa amemshika mtoto kwa mikono yote miwili, na mimi sikumwondoa mtu.

Basi nikasema hapo hapo, kichwa chake kikiwa bado gotini kwangu. Nikamwambia habari ya yule mwalimu mstaafu: jinsi nilivyomshika mkono, nilivyomsogelea, alichokiona. Nikamwambia habari ya Jumamosi. Nikamwambia kwamba ahadi bado ninayo, sijaivunja, miwani iko kwenye kisanduku chake juu ya kabati, na kwamba akisema niache nitaacha, nitarudi kwenye ndoo, wala sitanuna.

Alimvuta mtoto juu kidogo, kifuani.

"Oumi anadhani nilisema vile kwa stara," alisema mwishowe.

"Na mimi pia, Mama."

"Stara ipo. Lakini sivyo." Alikuwa akimpapasa mtoto mgongoni. "Mwaka sabini na sita, Desemba. Mlisimuliwa nyie?"

Tulisimuliwa, kidogo, kwa sauti ya chini, jinsi Wakomoro wa Mahajanga walivyowindwa na kuuawa na Wamalagasi wenzao wa mji. Kila nyumba ya Wakomoro Mahajanga ina watu ambao majina yao husomwa kwenye hitima na kisha mazungumzo yanahama. Waliobaki hai wengi walichukuliwa kwa ndege wakarudishwa Komoro. Wachache walibaki. Yeye alibaki.

"Nilikuwa na miaka kumi na minane. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa Mmalagasi, ana mtoto mchanga. Alikuja uani kwetu na jiwe lake la kusugulia msindanu, liwa wanayojipaka wanawake usoni. Akanipaka liwa uso mzima, nene, mpaka nikawa wa njano kama wanawake wao wakienda sokoni. Akanifunga nguo yake. Akanifunga na mwanawe mgongoni. Akaniambia, uso nimeufunika, macho siwezi. Usiyainue. Tukatoka, tukapita katikati yao. Mimi niliona miguu tu, Hayrat. Viatu, na miguu mitupu, na miguu. Tukapita." Akajigusa mgongoni. "Tangu siku ile, mtu akinitazama sana machoni ninasikia joto mgongoni, hapa, alipokuwa yule mtoto. Nilipoiona ile picha kwenye kitabu chako nikasema, laiti ningekuwa nayo. Nikasema, basi awe nayo huyu."

Nilikuwa nikimpangusa tone la dawa lililokuwa limeshuka hadi sikioni.

"Ila kuna kitu sikukuambia," aliendelea, "maana nilikuwa nimekisahau mpaka huyu mtoto aliponiuliza nilikuwa wapi. Kabla ya kutoka mlangoni miguu yangu ilikataa. Nilikaa chini. Nilimwambia, niache, nitakufa humu ndani. Yule mama akachuchumaa, akanishika kidevu, akanitazama. Hakusema kitu, watu walikuwa wameshafika nje. Akanitazama tu, mpaka nikasimama."

Sittina alikuwa ameanza kukoroma.

"Kama angekuwa na vioo vile," alisema Mama Zalia, "ningebaki pale chini." Kisha akajiinua kwa kiwiko, na sauti yake ikawa ile ya siku zote, ya mwenye nyumba. "Hicho kituo chenu kina miwani mingine?"

"Ipo kwenye rafu, ya kuuza na ya kuazima."

"Kesho twende. Nitachagua mimi. Safari hii kwa macho yangu, si kwa kitabu."

*

Fundi Attoumane alipotuona tunashuka kwenye bajaji, mimi, mtoto, na Mama Zalia na shiromani lake na miwani yake myeusi, alisimama wima kama mbele ya kadhi.

"Karibu, bweni," alisema, yaani bibi kwa Kikomoro chetu.

"Ndiye wewe unayemfundisha mkaza mwanangu?"

"Ndiye, bweni."

"Nasikia umekataa kumpeleka na vioo nilivyomchagulia."

Fundi akanitazama kutaka msaada. Nikatazama bahari.

"Umefanya vizuri," alisema Mama Zalia. "Lete miwani."

Aliingia chini ya paa la makuti, akavua miwani yake ya hospitali, akaiweka kwa uangalifu kifuani. Akanisimamisha kwenye mwanga, yeye akakaa kwenye benchi la mitungi. Wageni wawili waliokuwa wakivaa walisita kuvaa. Mwenye kituo alitoka ofisini na kikombe cha kahawa, akasimama.

Nikavaa ya moshi. "Toa. Hiyo ni yangu ya hospitali." Nikavaa ya manjano. "Macho nayaona, lakini umekuwa paka." Ya waridi aliikagua upande huu na huu, kisha akasema inaonekana kama nimelia, na mgeni hahitaji kuongozwa na mtu aliyelia. Ya vioo vyeupe ilikuwa safi, ila pembeni ilikaa wazi, nikajua mapema kwamba ingevuja.

"Mpe ile ya asali, bweni," alisema Fundi, akiisahau hofu yake. "Miezi hii maji yetu ni ya kijani, mvua imeyavuruga. Vioo vya rangi ile vinakata ukungu, kitu kinaonekana na ukingo wake."

"Wewe unataka aone. Mimi nataka aonekane. Lete."

Nikaivaa. Ilikuwa na rangi hafifu, ya asali ile nyepesi ya juu kwenye chupa. Ikanikamata uso bila kunibana.

"Rudi nyuma," alisema Mama Zalia. "Tena. Mpaka kwenye nguzo. Nitazame sasa." Nikamtazama. Alikunja jicho zima na jicho lililopona. "Umenikasirikia?"

"Hapana, Mama."

"Ndiyo, naona huna hasira. Unaogopa?"

Nilitaka kusema hapana.

"Kidogo," nilisema.

"Naona. Na hiyo kidogo ni uongo." Akageuka kwa Fundi. "Hiyo. Mtu akimtazama atamjua. Bei mtaongea na mume wake, na ile ya zamani mpeni mwanangu Maoulida avae kwenye boti, ndiye mwenye kupenda kutazamwa."

Mwenye kituo aliuliza kwa Kifaransa mama huyu amesema nini. "Amesema inafaa," nilimjibu.

Mgeni niliyepangiwa siku hiyo alikuwa bwana kutoka kisiwa cha Réunion, mpana kama mlango wa bohari, yuko fungate. Kwenye boti hakunyamaza. Alitueleza ameruka kwa parashuti, ameendesha pikipiki milimani, hii bahari ni bafu tu. Mke wake, aliyekataa kuzama, alikuwa akitazama kucha zake. Niliona mikono ya bwana yule haiwezi kufunga kifungo cha mkanda, nikamfungia bila kusema.

Tukashuka, Fundi nyuma yetu. Maji yalikuwa ya kijani kweli, kama chai ya majani. Karibu na mahali pale pale alipokuwa amesimama yule mwalimu, bwana akasimama. Akatazama juu, akatazama chini. Mapovu yakaanza kumtoka bila mpango. Mkono wake ukaja, ukashika kiganja changu, nikasikia mifupa yangu ikikutana.

Nikamsogelea. Nilisogea kwa hofu, kwa maana mara ya kwanza kusogea ndiko kulikoharibu. Akanitazama. Nikamtazama. Sikutabasamu wala sikujaribu kumwambia kitu. Nilikaa tu machoni pake kama mtu anavyochuchumaa mbele ya mtu aliyekaa chini, nikapumua taratibu ili aone ninavyopumua. Alinikodolea mpaka nikaona unyusi wake wa kushoto una kovu. Povu likatoka kubwa, moja. Likafuata jingine, limechelewa. Kisha jingine, limechelewa zaidi. Akaitikia kwa kichwa: twende.

Tukaenda. Nilimwonyesha kasa aliyekuwa akila majani, asiyetujali hata kidogo. Nilimwonyesha matumbawe yenye umbo la ubongo. Kila mara alinitazama kwanza mimi, ndipo akatazama kitu. Wakati wote mkono wangu alikuwa nao. Fundi alipita mbele yetu kwa kichwa chini miguu juu, akatuonyesha duara la kidole na kidole, sawa, akalionyesha tena kwa mkono wa pili, ndipo nikajua nimefaulu.

Boti lilitushusha ambapo maji yanafika magotini. Mtungi mgongoni, nikatembea kuelekea nchi kavu, nikipepesa macho kwa jua. Mama Zalia alikuwa amekaa chini ya mti wa mkungu na Sittina mapajani, na mtoto akapiga kelele ya kuniita kutoka mbali, ingawa nilikuwa bado sijavua miwani. Nikainua mkono kumpungia, ukawa mzito. Nikatazama. Bwana yule mkubwa alikuwa bado ameushika. Alikuwa akitembea kando yangu, amelowa, anacheka peke yake, anamwelezea mke wake habari za kasa kwa sauti kubwa, na mkono wangu umo ndani ya wake kama kitu alichookota baharini.

Mama Zalia alisimama. Akavua miwani yake ya hospitali hapo hapo juani, daktari aseme atakalo. Akamtazama yule bwana, akatazama mikono yetu miwili, akatazama mwenye kituo na watu wote waliokuwa ufukweni. Nilijua nimekwisha. Akaja hadi ukingoni mwa maji, leso yake ikilowa pindoni, akasimama mbele ya yule bwana, akainua uso ili amfikie machoni.

"Baba," alimwambia kwa Kikomoro, taratibu, kama anavyosema na Sittina, "mwachie sasa. Umefika."

Bwana hakujua neno hata moja. Alimtazama usoni kitambo, kisha akaniachia.